Presha ikigoma kupanda: tafuta haya kabla ya kuilaumu tabo

Ndege ndogo yenye tabo ikikosa nguvu pale uwanja wa Mwanza, maneno ya kwanza kusikika chini ya bawa ni "tabo imekufa". Mara nyingi iko hai. Tabo yenyewe haina mambo mengi: ni magurudumu mawili kwenye shafti moja, moja likizungushwa na moshi wa ekzosi, jingine likisukuma hewa kuelekea kwenye silinda. Vinavyochoka haraka ni vile vinavyoizunguka: mpira uliochomoka, kiungo cha ekzosi kinachovuja, kipepeo cha westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni bila kugusa tabo) kilichoganda kwa masizi, kitundu cha oili kilichoziba. Kuing'oa tabo na kuipeleka karakana yenye kibali nje ya nchi ni wiki kadhaa za ndege kusimama. Klempu iliyolegea ni kazi ya nusu saa. Ndiyo maana nautetea mpangilio huu wa kutafuta: geji, hewa, moshi, oili, kontrola (kifaa kinachoiamuru westigeti), halafu tabo mwisho kabisa.

Ninazoziwazia hapa ni Cessna TU206G yenye injini ya Continental TSIO-520-M, inayoruhusiwa presha ya inchi 36.5 za zebaki kwa mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa muda wa dakika tano za kupaa, na T206H yenye Lycoming TIO-540-AJ1A, ambayo kikomo chake ni inchi 39 kwa mizunguko 2,500. Ndege nyingine zina namba zake, na namba halali ni ile iliyo kwenye mwongozo wa ndege iliyo mbele yako.

Geji kabla ya spana

Injini ikiwa imezimwa, geji ya presha ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) inapima hewa ya nje tu. Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo haiwezi kuonyesha 29.92 kama vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani. Hesabu yake ni nyepesi: chukua QNH (presha ya hewa kwa usawa wa bahari, kwa hektopaskali) uliyopewa na mnara, igawe kwa 33.86 upate inchi, kisha toa 3.8 za kimo cha Mwanza. QNH ikiwa 1015 unapata takribani 29.97, ukitoa 3.8 inabaki kama 26.2. Geji iliyosimama inatakiwa isome hapo hapo, kwenye 26 na kidogo. Ikisoma 24 au 28, usiguse kitu kingine mpaka geji iwe imepimwa.

Kuna kosa la geji linalodanganya zaidi kuliko hilo. Bomba jembamba linalotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye geji likipasuka au nati yake ikilegea, geji iliyosimama itasoma sawa kabisa. Kasoro inaonekana injini ikiwaka: kwenye sailensa (mzunguko wa chini, trotoli ikiwa imefungwa) inasoma juu kuliko kawaida, na kwenye nguvu ya kupaa inasoma chini. Sababu ni kwamba hewa ya nje inapenya presha ikiwa ndogo na ya ndani inatoroka presha ikiwa kubwa, hivyo mshale unavutwa kuelekea 26 kutoka pande zote mbili. Fundi asiyeliona hili ataona 34 badala ya 36.5, atazungusha skrubu ya kontrola mpaka geji iseme 36.5, na kwa kufanya hivyo ataipa injini presha iliyozidi kikomo bila mtu yeyote kujua. Silinda zitapasuka na lawama zitaenda kwa mafuta.

Geji ikishathibitishwa, isome kama ushahidi. Fungua trotoli yote, oili ikiwa na joto. Mshale ukigota kwenye 25, huna tabo hata kidogo: hiyo ni hewa ya Mwanza iliyopungukiwa inchi moja hivi kwa kupita kwenye chujio na mabomba. Ama mpira mkubwa umechomoka, ama westigeti iko wazi kabisa, ama shafti ya tabo imekwama. Ukigota kati ya 30 na 34, tabo inafanya kazi lakini kuna kinachoibiwa njiani. Ukifika 36.5 pale chini, kisha presha ikaanza kushuka mnapopanda kuvuka nyanda za Ngorongoro kwenye futi 11,500 kuelekea Arusha, hapo kuna uvujaji mdogo ambao westigeti ilikuwa inaufidia kimyakimya mkiwa chini.

Rubani aliyezoea Dar es Salaam awe mwangalifu na hiyo 25. Kule pwani injini isiyo na tabo inafika karibu 29 na ndege yenye mzigo mwepesi inaweza kujikokota ikaruka. Mwanza, saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 30 za Selsiasi, ndege inajiona kama iko futi 6,500 hivi. Tena TSIO-520 ina mgandamizo wa 7.5 kwa 1, wakati IO-520 isiyo na tabo ina 8.5 kwa 1, kwa hiyo tabo isipofanya kazi injini hii ni dhaifu kuliko ndugu yake asiyekuwa nayo. Ukiona 25 na trotoli iko mwisho, funga trotoli, simama, rudi.

Njia ya hewa

Anza na chujio. Huku ziwani wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi huingia kwa maelfu, na chujio lililopita katikati yao linapata utando wa nta ambao hautoki kwa kupuliza. Chujio likibana, kompresa inavuta hewa nyembamba kuliko ya nje na lazima izunguke kasi zaidi kupata presha ileile. Nyuma ya chujio kuna mlango wa hewa ya akiba unaoshikwa na springi au sumaku. Mvuto ukizidi, mlango unafunguka wenyewe na injini inavuta hewa ya moto isiyochujwa kutoka ndani ya kaulingi (kifuniko cha injini). Presha inashuka, na ukitua kwenye changarawe ya Seronera, kiwanja cha ndani ya Serengeti, unaila vumbi moja kwa moja. Vumbi hilo linasaga ncha za mapanga ya kompresa, na mapanga yaliyoliwa hayarudishiki. Bonyeza mlango huo kwa kidole: ufunge wenyewe na ukae palepale bila kuacha mwanya.

Kisha fuata mipira kutoka kompresa hadi kwenye silinda. Upande huu presha ya ndani ni kubwa kuliko ya nje, kwa hiyo uvujaji unatoa hewa nje. Shika kila mpira uupinde kidogo. Mpira uliokauka una nyufa ndogo chini ya klempu, mahali ambapo macho hayafiki. Mpira wenye oili ndani huteleza, na klempu iliyokazwa juu ya oili itachomoka siku moja wakati wa kupaa. Futa oili yote kwa kitambaa chenye kiyeyusho kilichoruhusiwa, acha pakauke, ndipo urudishe.

Usisahau vibomba vidogo vinavyochukua hewa ya presha kupeleka kwenye magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi), kwenye nozeli za mafuta na kwenye pampu ya mafuta. Kamoja kakivuja hakapunguzi presha kwa kiasi cha kuonekana, lakini silinda moja itaungua kwa joto tofauti na wenzake, au injini itakohoa ukiwa juu kwa sababu cheche inaruka ovyo ndani ya magneto iliyokosa presha. Kichujio kidogo cha plastiki kwenye bomba la magneto kionekane safi. Unyevu wa ziwa hujikusanya humo, na ukiona maji au kutu, kibadilishe na uifungue magneto uikague.

Mpira mkubwa ukichomoka angani, presha inaanguka ghafla na mafuta yanabaki mengi kuliko hewa. Injini inatoa moshi mweusi na inaweza kuzima. Dawa yake iko kwenye mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa: punguza mafuta taratibu mpaka injini ishike, halafu tafuta mahali pa kutua. Rubani anayeendelea kusukuma mchanganyiko mbele kwa hofu anaizamisha injini ambayo ingeweza kumfikisha nchi kavu.

Njia ya moshi

Uvujaji wowote kati ya silinda na tabo ni nguvu inayopotea kabla ya kuzungusha gurudumu, na ni tochi inayopiga ndani ya kaulingi. Kipimo chake ni cha bei nafuu. Injini ikiwa baridi, chukua mashine ya kunyonya vumbi, geuza mpira wake upande unaopuliza, uingize kwenye bomba la mwisho la ekzosi na uzibe pembeni kwa kitambaa. Presha iwe ndogo, isizidi pauni 5 kwa inchi ya mraba. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila weldi, kila kiwiko. Viungo vya kuteleza vina ruhusa ya kutoa mapovu machache kwa sababu vinajibana vikipata joto. Weldi haina ruhusa ya povu hata moja. Sehemu iliyovuja kwa muda utaitambua hata kabla ya sabuni: ina mstari wa kijivu cheupe uliosambaa kama unga.

Unapoweka alama kwenye ekzosi, usitumie kalamu ya risasi. Kaboni yake ikipata joto inaingia kwenye chuma na ufa unaanzia palepale kwenye alama yako. Vivyo hivyo usiguse ekzosi kwa vifaa vilivyopakwa zinki.

Klempu ya V inayoshika bomba la mwisho nyuma ya tabo inastahili heshima ya pekee. Ikikatika, bomba linaanguka na moto wa ekzosi unapiga ukuta wa injini, jirani na mabomba ya mafuta na oili. Kutokana na ajali za aina hiyo, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mwaka 2023 ilitoa agizo AD 2023-09-09 linaloziwekea klempu za vipande vingi zilizoungwa kwa weldi za nukta ukomo wa saa 500, kisha zitupwe. Tafuta nyufa kwenye nukta za weldi na chini ya mkanda wa nje, kwa kioo na taa kali. Wakati wa kuifunga, kaza kidogo kwa spana ya torki, gonga mzunguko wote taratibu kwa nyundo ya plastiki, kaza tena, gonga tena, mpaka torki ya kwenye mwongozo itulie. Mkono uliozoea boliti za Fuso utaikaza kupita kiasi, na klempu iliyovutwa kupita kiasi ndiyo inayokatika. Nati yake ya kujifunga haitumiki mara ya pili.

Westigeti na oili inayoiendesha

Hapa ndipo penye mkanganyiko mwingi, na penye majibu mengi.

Westigeti ni mlango wa kupitishia moshi pembeni bila kugusa tabo. Springi inaufungua, presha ya oili ya injini inaufunga. Shika hilo kichwani na nusu ya matatizo yanajieleza yenyewe. Oili ikikosekana, springi inashinda, mlango uko wazi, huna tabo. Oili ikinasa ndani bila njia ya kutokea, mlango unabaki umefungwa na presha inapita kikomo.

Oili inaingia kwenye aktueta (silinda ndogo inayosukuma mkono wa westigeti) kupitia kitundu chembamba, inasukuma pistoni, inatoka kuelekea kontrola, na kontrola ndiyo inayoamua irudi kiasi gani kwenye kreki (tumbo la injini linalokaa oili). Kontrola ikibana, oili inajaa kwenye aktueta na westigeti inafunga. Ikiachia, westigeti inafunguka. Kwa hiyo presha ndogo ina washukiwa wanne: kitundu cha kuingilia kimezibwa na chembe ya masizi, kipepeo kimeganda kikiwa wazi, sili za pistoni zinavujisha, au kontrola inaachia oili muda wote.

Wapambanue bila kuwasha injini. Kwanza mkono: injini ikiwa baridi, sukuma mkono wa kipepeo dhidi ya springi. Utembee laini mwanzo hadi mwisho na urudi wenyewe. Ukikwaruza, weka mafuta ya kupenyeza kama Mouse Milk kwenye ncha mbili za shafti, sukuma mara nyingi, ngoja, rudia. Grisi usiweke, inaungua na kuwa gundi. Pili, hewa: chomoa bomba la oili la kuingilia kwenye aktueta, ziba tundu la kutokea, leta hewa ya kompresa ya gereji kupitia regyuleta, ukianza na sifuri. Andika presha ambayo mkono unaanza kutembea na ile ambayo umefunga kabisa, kisha linganisha na jedwali la aktueta hiyo. Ikianza kutembea kwa kuchelewa sana, kuna msuguano. Hewa ikitoka kwa wingi kwenye tundu la kudondoshea, sili zimekwisha. Tatu, kipepeo kikiwa kimefungwa, pima mwanya wake kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi), maana aina nyingi zina mwanya uliowekwa makusudi. Mwanya ukizidi, kimo ambacho injini inaweza kushikilia presha kinashuka.

Vyote hivyo vikiwa sawa, njia ya hewa na ya moshi vikiwa sawa, na presha ya oili ya injini ikiwa sawa, sasa unaruhusiwa kuishuku kontrola. Irekebishwe oili ikiwa na joto la kazi, trotoli ikiwa yote, geuza skrubu kidogo sana kwa kila jaribio, na ifungwe tena kwa waya. Kila mgeuko uandikwe. Skrubu iliyogeuzwa kuficha uvujaji inamwachia fundi anayefuata mtego.

Presha iliyozidi kikomo asubuhi, kwenye safari ya kwanza, mara nyingi ni oili nzito: haijapata wepesi wa kutoka kupitia kontrola, westigeti inachelewa kufunguka. Mwanza haina baridi ya kutisha, lakini alfajiri ya nyuzi 18 inatosha kuleta shida kwa rubani anayesukuma trotoli kwa sekunde moja. Sukuma taratibu, simama kwenye inchi 30, acha itulie, ndipo umalizie. Ikizidi hata oili ikiwa moto, kagua bomba la kurudisha oili kutoka kontrola. Likipindwa au likiziba, hakuna kinachoweza kuifungua westigeti. Andika ilizidi inchi ngapi na kwa sekunde ngapi, kwa sababu ukaguzi unaotakiwa baada ya hapo unategemea namba hizo mbili.

Presha inayopanda na kushuka yenyewe ina tafsiri mbili. Juu sana, westigeti ikiwa imefungwa yote, kila badiliko la mwendo au mizunguko linabadilisha presha. Hiyo ni tabia, wala si ugonjwa, na inapona ukishuka au ukipunguza nguvu. Ikitokea futi 6,000, tafuta hewa iliyonaswa kwenye aktueta, kipepeo kinachokwama na kuachia, au oili chafu kwenye kontrola. Oili na filta vibadilishwe kila saa 50 au miezi minne, hata kama ndege imekaa tu. Ndege inayokaa wiki tatu bila kuruka karibu na maji inakusanya unyevu kwenye oili, na unyevu huo unaishia kwenye vitundu vidogo.

Moshi wa bluu na oili kwenye bomba

Sili za tabo ni pete kama za pistoni. Hazikutengenezwa kuzuia oili iliyosimama. Kazi yake inategemea oili kuondoka haraka. Kwa hiyo oili ikitoka kwenye ekzosi, kabla ya kusema sili zimekufa, uliza kwa nini oili haiondoki. Moshi wakati wa kuwasha tu, kisha ukakoma, unaelekeza kwenye valvu ya njia moja inayoingiza oili: haifungi vizuri, na oili inateremka taratibu usiku kucha kuijaza tabo. Moshi usiokoma unaelekeza kwenye bomba la kutolea oili lililoziba, au pampu ya kuirudisha iliyochoka.

Au kreki yenyewe ina presha kubwa kwa sababu pete za pistoni zimelika. Hiyo inapimwa kwa geji ya mwendo wa ndege iliyo nzima, iliyounganishwa kwenye bomba la kijiti cha oili. Kwa injini za Continental isizidi maili 90 kwa saa, sawa na inchi 4 za maji. Ikizidi, tabo mpya nayo itamwaga oili.

Utando mwembamba wa oili kwenye mpira wa kompresa ni kawaida. Kidimbwi si kawaida.

Tabo yenyewe

Sasa igeukie. Injini ikiwa baridi kabisa, toa mpira wa kuingilia kompresa, zungusha gurudumu kwa kidole. Lizunguke bila sauti na lisimame polepole. Lisukume pembeni huku ukilizungusha: likigusa nyumba yake, beringi zimekwisha. Pima plei (ulegevu) ya pembeni na ya mbele-nyuma kwa geji ya saa, ulinganishe na kikomo cha mtengenezaji. Usikadirie kwa hisia, kwa sababu beringi hizi huelea juu ya oili na zikiwa kavu plei kidogo ni halali. Panga lolote lililopinda au kukatika linaiondoa tabo hiyo kazini, maana kitu hicho huzunguka mara 80,000 kwa dakika na zaidi. Na kipande kilichokatika kimeenda mahali: kitafute kwenye mabomba mpaka ukipate.

Usiipeleke gereji ya malori kubadilishiwa moyo (sehemu ya kati yenye shafti na magurudumu), hata kama fundi ni hodari na kipuri kinafanana kwa macho. Ndege haitaruka kihalali na kipuri kisicho na hati, na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga hawezi kukisainia.

Kuhusu kupoza kabla ya kuzima: oili ikibaki kwenye beringi zenye moto mkali inageuka makaa. Dakika tatu hadi tano za sailensa zinatosha, na kuteksi (kutembea ardhini) kwa nguvu ndogo kunahesabiwa. Angalia geji ya joto la kuingia tabo; likiacha kushuka, zima. Kukaa dakika kumi zaidi kunachafua plagi tu.

Baada ya matengenezo yoyote, ruka na karatasi. Kwenye futi 5,000, 8,000 na 11,000, trotoli yote na mizunguko ileile, andika presha, joto la kuingia tabo, joto la oili na mtiririko wa mafuta, pamoja na joto la nje. Bandika karatasi hiyo ndani ya daftari la injini. Siku presha itakapopungua inchi mbili kwenye futi 11,000, utaiona hapo wiki nyingi kabla uwanja wa Mwanza haujakuonyesha chochote.